Yatima wa Herufi F

Idara ya uhamiaji ya Kanada ina orodha fupi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko shairi lolote nililopangiwa darasani muhula huu. Orodha hiyo inamweleza mkazi wa Kanada ni lini hawezi kumdhamini mdogo wake, mpwa wake au mjukuu wake aingie nchini kama mtoto aliyefiwa. Hawezi ikiwa mzazi mmoja bado yu hai. Hawezi ikiwa hakuna ajuaye wazazi walipo. Hawezi ikiwa wazazi wamemtelekeza mtoto. Hawezi ikiwa mtoto analelewa na mtu mwingine huku mzazi mmoja, au wote wawili, wangali hai. Hawezi ikiwa mzazi yuko gerezani au amezuiliwa mahali.

Aliyeiandika hakutaka kumliza mtu. Alitaka kupunguza maombi yasiyofaa, basi. Lakini ukizoea kusoma maandishi kwa kuuliza nani anaambiwa haya na kwa nini anaambiwa, utaona kwamba kila mstari hapo ni jibu, na jibu halitangulii swali. Naamini yupo mtu aliyeandika kwamba kaka yake amefungwa na watoto wamebaki kwa jirani. Yupo mwingine aliyeandika kwamba shemeji yake alikwenda sokoni akapotelea huko huko. Barua zao hatuna. Tulichobakiwa nacho ni orodha hii, ambayo ni kama ukuta wenye alama za vichwa vilivyogonga.

Ndiyo maana nataka kuihakiki kama maandishi mengine yoyote, pamoja na kanuni iliyoizaa. Wenzangu wa sheria watasema kanuni haihakikiwi, inatafsiriwa. Sawa. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya fasihi katika chuo kimoja cha Kanada, na jioni natafsiri nyaraka za watu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Kivu na Tanganyika ya Kongo. Nimegundua kwamba maandishi yanayoamua maisha ya watu hawa ndiyo yanayosomwa kwa haraka kuliko yote.

Tuanze na kanuni yenyewe. Ni Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi za mwaka 2002, kifungu cha 117, kifungu kidogo cha kwanza, herufi f. Ni sentensi moja yenye matawi matatu. Inamtaja mtu ambaye wazazi wake wamefariki, ambaye hajatimiza miaka 18, ambaye hana mume wala mke wala mwenzi anayeishi naye, na ambaye ama ni mtoto wa mama au baba wa mdhamini, ama ni mtoto wa mtoto wa mama au baba wa mdhamini, ama ni mtoto wa mtoto wa mdhamini. Neno yatima halimo. Ndugu halimo. Mpwa halimo, wala mjukuu. Aliyeitunga ameyakwepa majina ya undugu yote, akabaki na maneno matatu tu, mama, baba na mtoto, akayatunga kama shanga kwenye uzi.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoisoma niliipenda. Tazama hilo neno "au" lililoko kati ya mama na baba. Mtoto wa mama yangu *au* baba yangu. Kwetu tumezoea kusikia "baba mmoja, mama mbalimbali" ikisemwa kwa sauti ya chini kidogo, hasa siku ya kugawa mirathi. Kanuni hii haina habari na sauti hiyo. Mdogo wako wa kwa baba ana haki sawa na mdogo wako mliyenyonya ziwa moja. Haiulizi kama wazazi walifunga ndoa. Haiulizi kama mtoto alizaliwa ndani ya nyumba au nje. Ni nadra kukuta sentensi ya serikali iliyo karimu namna hiyo kwa bahati tu, kwa sababu ya kutumia maneno machache.

Na ukiilinganisha na jirani yake wa kusini, ukarimu unaonekana zaidi. Marekani, raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea kaka au dada yake, na watoto wa huyo kaka au dada wanaingia wakiwa wameshika upindo wa nguo ya mzazi wao. Mpwa hana foleni yake mwenyewe. Dada akifa kabla ya zamu kufika, kwa kawaida watoto hawana tena wa kuwatangulia, na njia ya familia inayobaki ni kuwaasili, jambo lenye masharti yake na umri wake. Kwa hiyo Marekani kifo cha dada yako hufunga mlango, na Kanada kifo hicho hicho ndicho ufunguo. Nchi mbili zinazopakana, zinazofanana hata kwa baridi, zimekiandika kifo kimoja kwa namna mbili zinazopingana.

Ila ufunguo wenyewe una meno. Mtoto wako wa kumzaa unaweza kumdhamini hadi kabla hajatimiza miaka 22. Umri huo ulishushwa hadi chini ya 19 mwezi Agosti 2014, kisha ukarudishwa Oktoba 2017 kwa hoja kwamba vijana wa siku hizi hukaa na wazazi muda mrefu zaidi. Hoja nzuri. Lakini ikamsahau yatima, ambaye kwake mstari umebaki pale pale, miaka 18. Aliyefiwa anatakiwa kukomaa miaka minne kabla ya mwenye wazazi. Tena mtoto wako asiye na mtoto wake, kwa kawaida, unamdhamini bila mshahara wako kupimwa. Ukimdhamini mtoto wa marehemu dada yako, lazima uonyeshe kipato kinachofikia kiwango kilichowekwa kulingana na idadi ya watu nyumbani. Nilipomweleza mama mmoja tofauti hii alicheka. Kwao, alisema, mtoto wa marehemu ndiye anayepewa chakula kwanza, ili watu wasiseme.

Sasa turudi kwenye neno ambalo kanuni imelikwepa. Yatima kwa Kiswahili ni neno lililopitia dini kabla ya kufika mtaani. Katika fiqhi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mama anaweza kuwa hai, anapika, anasuka mkeka, na mtoto bado ni yatima mwenye mali inayopaswa kulindwa. Mtaani tumelipanua: kuna yatima wa baba, yatima wa mama, na yatima wa pande zote mbili. Kwa hiyo mtu wetu anaposikia kwamba Kanada inaruhusu kudhamini yatima, anasikia jambo pana. Anajaza fomu kwa moyo mweupe. Ofisa anaona mama yuko hai Bujumbura na faili linarudi. Hapo hakuna aliyedanganya. Ni neno moja lililovaa nguo mbili.

Lipo na neno mkiwa, ambalo siku hizi tunalikuta zaidi kwenye tenzi na kwenye midomo ya wazee. Mkiwa ni aliyebaki peke yake. Neno hilo halihesabu maiti, linapima upweke. Mtoto ambaye baba yake yuko gerezani Makala na mama yake haonekani si yatima wa herufi f, lakini ni mkiwa kwa kila kipimo unachoweza kutumia. Nilidhani sheria ya Kanada haina nafasi ya mkiwa kabisa, mpaka niliposogea chini kidogo ndani ya kifungu hicho hicho, herufi h. Hapo kuna ruhusa ya kumdhamini jamaa yeyote, wa umri wowote, ikiwa mdhamini hana mume wala mke, hana mtoto, mzazi, ndugu, mpwa, mjomba, shangazi, bibi wala babu ambaye yuko Kanada au anayeweza kudhaminiwa kwa njia nyingine. Kumbe mkiwa yumo. Ila mkiwa anayetambuliwa ni aliyeko Toronto. Sheria inapima upweke wa mwenye nyumba, haipimi wa mtoto aliyeko Nyarugusu. Sijui kama aliyeandika herufi hizi mbili zikiwa zimekaribiana hivyo aliwahi kuziona kwa jicho hilo. Mimi sasa siwezi kuzisoma vingine.

Kigezo kinachoniumiza zaidi katika ile orodha ni cha pili: hakuna ajuaye wazazi walipo. Riwaya ya Ken Walibora, *Siku Njema*, ya mwaka 1996, imejengwa juu ya kigezo hicho. Mvulana wa Tanga anafiwa na mama, na baba yake hamjui alipo, mpaka anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaikumbuka kama hadithi ya safari na ya subira. Jaribu kuisoma kwa macho ya ofisa wa viza. Mvulana huyu angekuwa na shangazi Montreal, faili lake lingefungwa ukurasa wa kwanza, kwa sababu baba asiyejulikana alipo ni baba aliye hai hadi ithibitishwe vingine. Riwaya inahitaji baba apotee ili iwe riwaya. Kanuni inahitaji baba afe ili iwe na mtoto wa kumsaidia. Kati ya hao wawili, riwaya ndiyo inayofanana na mashariki ya Kongo.

Maana huko watu hawafi tu. Wanapotea. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na bado ipo. Nimekulia Kigoma, nimewajua watoto waliozaliwa pale wakazaa pale. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, simu zilizokuwa zikipokelewa ziliacha kupokelewa, na watu niliokuwa nawatafsiria huku hawakujua wafunge matanga au wangoje. Aliyefia Tanzania anaweza kupatiwa cheti cha kifo kupitia RITA, hata kama kwa usumbufu. Aliyefia njiani kati ya Fizi na ziwa ana mashahidi wawili na kaburi lisilo na jina, na mashahidi wenyewe wametawanyika.

Kuna nchi zinazotatua jambo hili kwa hesabu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kwa mfano, inaruhusu mtu achukuliwe kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangemsikia. Tuseme karatasi ya namna hiyo ingepatikana, na tuseme ingepokelewa. Mtoto ambaye baba yake alipotea akiwa na miaka 9 angekuwa na 16 siku ya kuipata. Bado ana nafasi. Aliyekuwa na 10 angekuwa na 17, mbio. Aliyekuwa na 11 angeipata karatasi hiyo akiwa na 18 kamili, na herufi f haimjui tena. Miaka 7 ya kungoja baba awe marehemu kisheria ndiyo hiyo hiyo inayomtoa mtoto utotoni.

Hapo ndipo inapoingia barua.

Kila ombi la namna hii linaambatana na barua ya maelezo. Nimetafsiri nyingi, na nathubutu kusema kwamba ni utanzu wa fasihi wenye kanuni zake, kama wasifu au kama khutuba ya mazishi. Inaanza na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Inafuata safari, kambi, tarehe ya kuwasili Kanada. Kisha inakuja aya ya kifo. Kisha aya ya mateso ya mtoto kwa sasa: anakula mara moja, haendi shule, anakaa na mtu asiyemtaka. Kisha ahadi za mdhamini: ana kazi, ana chumba, mtoto atalala wapi. Mwisho shukrani kwa serikali. Wanaoijua huambizana, na baada ya muda barua zote zinaanza kufanana, hata machozi yanadondoka mstari ule ule.

Wahakiki wa fasihi ya ukweli hupenda kubishana kama mwandishi anaruhusiwa kupamba: kuunganisha matukio mawili yawe moja, kumtungia mtu maneno ambayo huenda aliyasema. Tunabishana kwenye semina na kahawa mkononi. Mwandishi wa barua hii yuko kwenye ubishi huo huo na adhabu yake imeandikwa. Kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinamfungia mlango miaka 5 anayetoa maelezo ya uongo au kuficha jambo la msingi. Sijui utanzu mwingine wa kusimulia maisha wenye mhariri mkali hivyo. Na bado mhariri huyo anataka barua iguse moyo. Andika ukweli mtupu, inakuwa kavu na haisomwi. Ipambe, ni kosa.

Mama mmoja wa Uvira, nimweleze kwa ridhaa yake na kwa kubadilisha mambo machache asitambulike, aliniletea barua aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, kurasa tatu. Dada yake alifariki kambini Tanzania. Watoto wawili, msichana na mvulana, wamebaki na bibi mmoja mzee asiye wa ukoo. Baba yao alirudi ng'ambo ya ziwa kutafuta kazi na hajasikika. Katika barua nzima mama huyu hakuandika neno mpwa hata mara moja. Aliandika "watoto wangu." Nilimwuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Na ana haki. Kiswahili kina mpwa, lakini mwenye mpwa hasa ni mjomba. Mwanamke hana mpwa kwa dada yake, ana mtoto. Yeye ni mama mkubwa au mama mdogo, na dada akifa kile kivumishi kinadondoka chenyewe, anabaki mama. Watoto hawa humwita mama kwenye simu. Sasa mweke yule mvulana mbele ya dirisha la mahojiano, aulizwe mama yako yuko wapi, ajibu yuko Kanada. Kwa Kiswahili amesema kweli. Kwenye faili amewafuta marehemu mama yake na ombi lake pamoja.

Jambo hili si dogo. Nimeona familia zilizowaandika watoto wa marehemu kama watoto wao wa kuzaa kwenye fomu za mwanzo kabisa, za kambini, kwa sababu karani aliuliza "una watoto wangapi?" na jibu la Kiswahili kwa swali hilo ni wote unaowalisha. Miaka kadhaa baadaye kinaombwa kipimo cha vinasaba, na kipimo hakijui kulisha. Kwa mzazi na mtoto kipimo kinasema wazi. Kwa mama mdogo na mtoto wa dada yake, ambao kwa wastani hushirikiana robo tu ya vinasaba, kinatoa uwezekano. Kwa hiyo mtu anaweza kuonekana mwongo alipodai makubwa, kisha akashindwa kuthibitisha kikamilifu alipodai madogo.

Nisije nikaonekana ninaitaka serikali ifungue mlango na kuondoka. Ukali kuhusu mzazi aliye hai una sababu, na wanaoupinga kwa hasira mara nyingi hawataki kuzisikia. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi uliandikwa kwa sababu watoto walikuwa wanachukuliwa, wengine kwa kuuzwa, wazazi wao wakiwa hai. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha uasili wa watoto kwenda nje kwa hofu hiyo hiyo. Mama maskini anaweza kushawishiwa atie dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Baba anaweza kuambiwa kwamba akikubali kuitwa marehemu, mwanawe atasoma ulaya. Nimesikia mtu akilitaja hilo kwa mzaha, na katika mzaha ule kulikuwa na bei. Kifo kilichothibitishwa ni kigezo kisicho na huruma, lakini ni vigumu kukinunua. Hilo nalikubali. Ninachokikataa ni kwamba kigezo kilichobuniwa kumlinda mtoto dhidi ya walio hai kinatumika pia kwa mtoto asiye na yeyote, kana kwamba hatari zao ni moja.

Sheria yenyewe inalijua pengo hili, na imeweka kiraka. Kifungu cha 25 kinaruhusu vigezo vilegezwe kwa sababu za kibinadamu, kwa kuzingatia maslahi ya mtoto anayehusika. Mawakili hukitaja kifungu hiki kwa unyenyekevu, kama dawa ya mwisho. Mimi nilikisoma nikakwama kwenye vitenzi. Kwa mwombaji aliyeko ndani ya Kanada, waziri *lazima* aangalie hali yake. Kwa aliyeko nje, waziri *anaweza* kuiangalia. Vitenzi viwili katika sentensi moja, na mpaka wa nchi umepita katikati yao. Mtoto anayeombewa yuko Kasulu, kwa hiyo yeye yuko upande wa "anaweza."

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kuchokoa maneno. Nawakumbusha kesi ya Baker ya mwaka 1999. Mavis Baker, mwanamke kutoka Jamaika aliyefanya kazi za ndani Kanada kwa miaka 11 na kuzaa watoto wanne huko, alikataliwa ombi lake la kibinadamu. Alipodai sababu akapewa maandishi ya ofisa wa ngazi ya chini, yale ambayo ofisa huandika kwa haraka ili mkubwa wake aamue. Mahakama ya Juu iliyasoma maandishi hayo kama mhakiki anavyosoma: ikatazama alivyomtaja mama huyu, idadi ya watoto wake, kazi yake, ugonjwa wake, jinsi sentensi zilivyorundikwa. Ikaona kwamba mtu mwenye busara akisoma hivyo angeshuku upendeleo. Ikasema pia kwamba maslahi ya watoto hayakupewa uzito yaliyostahili. Kesi ya uhamiaji inayotajwa kuliko nyingi nchini humo iligeuka, kwa sehemu kubwa, juu ya mtindo wa uandishi wa mtu mmoja. Tangu nilipoisoma sijapata aibu kumwambia mtu kwamba nasomea fasihi.

Yule mama wa Uvira hakuomba kwa herufi f tu. Wakili aliyemsaidia bila malipo alimshauri aeleze wazi kwamba baba hajulikani alipo, akubali kwamba kigezo hakijatimia, kisha aombe kifungu cha 25. Maana yake ni kwamba barua ilibidi ibadilike. Aya ya kifo ikagawanyika mara mbili: kifo kimoja chenye cheti, na kutoweka kumoja kusiko na chochote. Alitaka kuandika kwamba shemeji yake amekufa, kwa sababu moyoni anaamini hivyo na alishamsomea dua. Wakili akamkataza. Akaandika badala yake orodha ya mara zote alizopiga simu, namba gani, mwaka gani, nani alipokea na alisema nini. Inachukua ukurasa mzima. Haina kivumishi hata kimoja, na katika barua zote nilizotafsiri, huo ndio ukurasa uliokaa nami muda mrefu zaidi.

Kazi yangu ilikuwa "watoto wangu." Mtafsiri anayekubalika haruhusiwi kuwa jamaa wa mwombaji, na anaapa kwamba amehamisha kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni watoto wangu. Nikiandika wapwa, nimesahihisha undugu wake bila ruhusa. Nikiandika watoto wangu bila kitu kingine, ofisa ataona maelezo mawili yanayopingana ndani ya faili moja. Nilimpigia simu, tukazungumza karibu saa nzima. Hakutaka niguse neno lenyewe. Akakubali niweke maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa, mistari minne, nikieleza kwamba katika Kiswahili dada wa mama huitwa mama, na kwamba mwandishi anawaita watoto wa marehemu dada yake wanawe kila mahali katika barua hii, akijua kwamba hakuwazaa. Aliomba nimsomee mistari hiyo kwa Kiswahili. Nilipomaliza akasema niongeze kwamba msichana anatimiza miaka 18 mwezi Machi.

Nikamwambia maelezo ya mtafsiri si mahali pake. Akasema basi aweke yeye, juu kabisa, kabla ya jina lake, na ndivyo barua ilivyotumwa.